Mtambo Tunaujua, Cheti Hatuna



Habari hii inaanza na chupa zilizovimba.

Katika kiwanda kimoja cha maji ya matunda hapa Bujumbura, ambacho jina lake tunaliweka kando, shehena nzima ya chupa za plastiki ilirudishwa kutoka madukani. Chupa zilikuwa zimevimba kama mipira. Ukifungua, povu linaruka na harufu ni ya pombe. Mali ilikuwa imechacha. Siku ile ile mkuu wa kazi aliwaita watu wa zamu ya usiku. Fundi anayesimamia mtambo wa kupashia joto akaambiwa kwamba alilala kazini, na mshahara wake wa siku tatu ukakatwa.

Mwenzetu huyo amekaa na mtambo ule miaka 11. Anaujua kwa sauti yake, kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Alijitetea kwamba hakulala, na kwamba kipimajoto kilionyesha usiku kucha nyuzi zile zile alizoamriwa. Wakubwa wakasema: basi na kipimwe. Kikachovywa ndani ya sufuria ya maji yanayotokota, mbele ya watu wote. Kikaonyesha nyuzi 100. "Mnaona?" wakasema. "Kipimajoto ni kizima. Mbovu ni mtu." Na sisi wa chama tuliokuwapo tulinyamaza, maana kila aliyekaa darasani amefundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100.

Aliyetufungua macho ni binti mmoja mwanafunzi, aliyekuja kiwandani kwa mazoezi ya kazi. Anasoma teknolojia ya vyakula pale Rohero. Alisubiri wakubwa waondoke, akamwendea fundi kwa adabu, akamwambia: "Baba, kipimajoto hiki kinasema uongo. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kule pwani, kwenye usawa wa bahari. Mji wetu uko juu ya bahari kwa karibu mita 800. Hapa maji huchemka kwa nyuzi 97 na kidogo. Kikionyesha 100, basi kimezidisha karibu nyuzi tatu."

Nyuzi tatu tu, ndugu zetu! Maana yake ni kwamba usiku baada ya usiku maji ya matunda yalipata joto pungufu ya lile lililoandikwa kwenye daftari. Vijidudu vya hamira vilivyotakiwa kufa vikasalimika, vikala sukari ndani ya chupa, vikatoa gesi, na chupa zikavimba. Fundi hakulala. Kilicholala ni maarifa.

Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu hii msiisahau. Binti alijua kwamba kipimajoto kimepotoka. Hakuweza kujua kimepotoka tangu lini. Aliyejua ni fundi: kilipotoka tangu juma lile walipopaka rangi, ngazi ikakigonga. Kwa kauli yake hiyo ikajulikana ni shehena zipi za kuondolewa madukani na zipi za kuachwa. Mmoja alikuwa na elimu, mwingine alikuwa na miaka 11. Walipokutana ndipo jambo likatatuliwa. Chama kilidai mshahara uliokatwa. Siku mbili zimerudishwa. Ya tatu bado tunaidai.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiulizana: elimu hii ni ya namna gani, inapatikanaje, na kwa nini sisi tunaoifanyia kazi kila siku tumesimama nje ya mlango wake? Makala haya ni jibu letu, kadiri tulivyoweza kulipata.

ELIMU YENYEWE NI IPI?

Sayansi na teknolojia ya vyakula ni elimu ya kukifuata chakula tangu kinapotoka shambani mpaka kinapofika mdomoni, na kukilinda njiani kisioze, kisipungue nguvu na kisimdhuru mtu. Asidhani mtu kwamba ni mambo ya wazungu na mashine za umeme. Bibi zetu wanaoloweka mihogo siku kadhaa kabla ya kuianika, na wale wanaotengeneza ubuswage, wanafanya sayansi hiyo. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Kuloweka, kuchachusha, kukausha na kupika ndiko kunakoiondoa. Kule ambako watu walilazimika kufupisha kazi hiyo kwa sababu ya njaa au vita, kama ilivyotokea sehemu za Kongo, Tanzania na Msumbiji, ulizuka ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu. Kwa hiyo kuloweka si desturi tu. Ni kinga.

Hata huko Ulaya mkono ulitangulia, kitabu kikafuata. Mtu aliyevumbua njia ya kuhifadhi vyakula katika vyombo vilivyofungwa kabisa alikuwa Mfaransa, Nicolas Appert, mtengeneza peremende. Alijaza chakula ndani ya chupa za kioo, akaziziba kwa kizibo, akazichemsha. Chakula kikakaa miezi bila kuoza, na mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ikampa zawadi ya faranga 12,000. Hakujua kwa nini njia yake inafaa. Alijua tu kwamba inafaa. Ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1860, ndipo Louis Pasteur alipoonyesha kwamba kuchacha na kuoza ni kazi ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kwamba divai ikipashwa joto la wastani haiharibiki.

Kutoka kwake zimekuja hesabu ambazo wenzetu wa viwandani wanazitumia kila zamu. Maziwa hupashwa joto la nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Joto likizidi, muda hupungua, na joto likipungua, muda lazima uongezwe. Vyakula visivyo na uchachu, kama nyama, samaki na maharagwe ya makopo, huhitaji joto la nyuzi 121 ndani ya chombo cha mgandamizo, kwa sababu kuna kijidudu kimoja ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, na sumu yake huua mtu. Maji ya maracuja au ya limau hayahitaji joto kubwa hivyo, maana uchachu wake wenyewe unakizuia kijidudu hicho. Sasa mnaona kwa nini fundi huambiwa "hapa nyuzi hizi, kule nyuzi zile". Kuna sababu. Tatizo letu ni kwamba tunapewa amri, sababu hatupewi.

TULIVYOFIKA ROHERO

Alasiri moja baada ya zamu ya asubuhi tulimsindikiza yule fundi kwenda kuulizia masomo. Tulikwenda kwa miguu, kwa sababu petroli ilikuwa imeadimika na mabasi yalikuwa ya kupigania. Tukaiacha sehemu ya viwanda, tukapita karibu na mahali palipokuwa soko kuu la zamani, lile lililoungua tarehe 27 Januari 2013 na kuwaacha maelfu ya wachuuzi bila riziki. Tukalipita kanisa kubwa la Regina Mundi, tukaanza kupanda. Wanaoijua Rohero wanajua ilivyo: chini ni maduka na maofisi, juu ni miti na nyumba zenye kuta. Ukigeuka nyuma unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Kutoka Buyenzi hadi kule si mbali kwa miguu. Kwa mambo mengine ni mbali sana.

Upande wa juu ndiko ziliko sehemu za Mutanga na Kiriri za Chuo Kikuu cha Burundi. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Kina kitivo cha kilimo ambacho watu hukiita kwa herufi zake, FABI, na ndani ya kitivo hicho vyakula vina idara yake. Kwa utaratibu uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, shahada ya kwanza ni ya miaka mitatu, ya pili miwili, na ya tatu mitatu. Pamoja na chuo cha taifa viko vyuo vya watu binafsi mjini, na baadhi yao hufundisha jioni.

Masomo ya teknolojia ya vyakula, yawe ya hapa kwetu, ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, au ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja nchini Kenya, yanasimama juu ya nguzo zile zile.

Nguzo ya kwanza ni kemia ya chakula: kujua sukari, mafuta, protini na maji yanavyogeuka yanapopata joto, hewa au muda. Ya pili ni elimu ya vijidudu: vipi vinavyotufanyia kazi, kama hamira ya bia na vile vinavyogandisha maziwa, na vipi vinavyotuua. Ya tatu ni uhandisi: mvuke, mabomba, pampu, baridi, kukausha, kusaga. Ya nne ni usalama na ubora, yaani kuchunguza hatari kabla haijatokea na kulinda zile sehemu chache za kazi ambazo kosa moja linaharibu kila kitu. Utaratibu huu wa nne ulitengenezwa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, walipokuwa wakiandaa chakula cha watu waliorushwa angani, kwa sababu mtu akiugua tumbo huko juu hakuna daktari wa kumwendea. Leo viwanda vya dunia nzima vinaufuata.

Wenzetu, tazameni tena hizo nguzo nne. Ni nani anayeshinda na mvuke, mabomba na baridi? Ni nani anayejua kwamba pampu ya tatu huvuja ikipata moto? Nguzo ya uhandisi iko mikononi mwetu tayari. Na ile ya usalama inatuhusu kuliko mtu yeyote. Soda kali ya kuoshea matangi ikikurukia inakula ngozi. Amonia ya mitambo ya baridi ikivuja inaziba pumzi. Klorini ya kusafishia ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya sumu. Kibarua aliyeajiriwa jana na kupewa ndoo mbili bila maelezo hajui hayo. Anayasoma mwanafunzi wa Rohero kwenye daftari, na kibarua anayasoma kwenye ngozi yake.

SHAMBANI PIA NI KIWANDANI

Wenzetu wa mashambani wasiseme kwamba mambo haya ni ya watu wa mjini. Ubora wa chakula huanza kwenye mikono yenu, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Chukueni chai. Katika mashamba ya Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro, mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake. Jani likishakatwa bado lina uhai. Likishindiliwa kwenye kikapu au gunia linapata moto lenyewe, linaanza kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani, na hapo hakuna mtambo utakaolirudisha. Kiwandani hunyaushwa, huvunjwavunjwa, huachwa lipate hewa mpaka libadilike rangi, kisha hukaushwa mpaka maji yaliyobaki ndani yake ni kama sehemu tatu katika mia. Kila hatua ina saa yake. Lori likichelewa kwa sababu ya barabara au petroli, hasara ile si kosa la mchumaji. Lakini mchumaji asiyejua sababu hawezi kujitetea jani lake linapokataliwa kwenye mizani.

Chukueni kahawa. Kahawa ya Burundi na ya Rwanda inasifiwa duniani, lakini ina adui mmoja: ladha ya kiazi kibichi, ambayo punje moja tu inatosha kuiharibu birika nzima. Wataalamu wameihusisha na mdudu anayetoboa tunda likiwa mtini. Anayeweza kuipunguza ladha hiyo ni mkulima anayelinda mti wake, ni mchumaji anayeacha tunda lililotobolewa, na ni wale kina mama wanaokaa mezani kwenye vituo vya kuoshea kahawa, wakichagua punje moja moja tangu asubuhi mpaka jua linazama. Jina la kahawa yetu kule Ulaya limeshikwa na vidole vya kina mama hao. Je, malipo yao yanafanana na kazi hiyo? Jibuni wenyewe.

Chukueni miwa ya Moso. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na ule uliochomwa moto hupoteza upesi zaidi. Kwa hiyo ratiba ya wakataji, malori na mashine za kukamulia ni kitu kimoja. Wakubwa wakiwakimbiza wakataji huku mashine imesimama, muwa unalala chini na sukari inakwenda bure.

Chukueni mawese ya Rumonge. Tunda la mchikichi likipondeka, kimeng'enya kilichomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta na kuyafanya yawe na asidi. Ndiyo maana mikungu hupikwa kwa mvuke mapema, ili kimeng'enya hicho kife. Anayetupa mkungu kutoka juu kwa nguvu ili amalize haraka anaharibu mafuta bila kujua. Na anayelipwa kwa idadi ya mikungu, bila kujali hali yake, amefundishwa na malipo yenyewe kuutupa.

SUMU ISIYOONEKANA

Kuna jambo moja ambalo linatosha kumfanya kila mzazi aitake elimu hii. Mahindi na karanga zisipokauka vizuri huota kuvu, na kuvu fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Haina rangi, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwamo, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa wakulima kama ndugu zetu, waliokula mavuno yao wenyewe. Na anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibika ini bila kujua.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, zimeweka kipimo cha pamoja: mahindi ya kuliwa yasizidi sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja. Pia yasizidi unyevu wa sehemu 13 na nusu katika mia, kwa sababu nafaka kavu haioti kuvu kwa urahisi. Kipimo hicho kimeandikwa vizuri sana. Lakini karatasi haipimi mahindi. Mpimaji anahitajika ghalani, kinuni na mpakani. Anahitajika mtu anayejua kwamba gunia halilazwi juu ya sakafu ya saruji bila mbao, na kwamba mahindi yaliyonyeshewa kwenye lori hayachanganywi na makavu ili kuficha. Kwa hayo hatuhitaji mtu mwenye shahada tatu. Tunahitaji mpakizi, mlinzi wa ghala na msaga unga waliofundishwa na wanaosikilizwa.

MLANGO UMEFUNGWA WAPI?

Turudi Rohero. Yule fundi alipokelewa vizuri. Aliulizwa swali moja tu: "Una diploma ya serikali?" Hana. Aliacha masomo miaka miwili kabla ya mtihani huo, baba yake alipofariki. Bila diploma hiyo hakuna kuingia chuo kikuu, na miaka 11 ya mtambo haihesabiwi hata kama mwaka mmoja wa darasa. Hatuwalaumu waliotupokea, maana wanafuata sheria. Tunasema tu kwamba mlango umefungwa, na tumehesabu kufuli zake. Ni nne.

Kufuli la kwanza ni hilo la karatasi. La pili ni lugha: masomo ni ya Kifaransa, na wengi wetu tunafikiri, tunafanya kazi na tunagombana na mitambo kwa Kirundi na Kiswahili. La tatu ni saa. Mtu wa zamu zinazobadilika kila juma hawezi kufuata hata masomo ya jioni, kwa sababu juma moja jioni ni yake na juma lijalo ni ya mwajiri. La nne ni fedha. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku mijini Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko, na zaidi ya miaka 30 baadaye vyama vya wafanyakazi vilikuwa bado vinadai kibadilishwe. Kweli waajiri wengi hulipa zaidi ya hapo, kwani hakuna anayeweza kuishi kwa faranga hizo. Lakini nchi ambayo kima chake cha chini kimelala hivyo, kibarua wake atatoa wapi ada ya chuo?

Wako wenzetu waliotuambia: "Acheni mambo ya shule. Mfanyakazi akisoma anakuwa bosi, na bosi anasahau alikotoka." Neno hili si la kupuuza. Tumeona aliyevaa koti jeupe asubuhi na kusahau salamu jioni. Lakini tujiulize: tukikaa bila kusoma, ni nani atakayesimama siku kipimajoto kinaposema uongo? Siku ile tulinyamaza wote kwa sababu ya ujinga wetu, na mwenzetu akakatwa mshahara mbele ya macho yetu. Ujinga haukutufanya tuwe wamoja. Ulitufanya tuwe bubu.

DUNIA IMESHASEMA, SISI TUDAI

Haki ya mfanyakazi kusoma si ombi la huruma. Mwaka 1974 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo: mfanyakazi apewe muda wa kusoma ndani ya saa za kazi, na malipo yake yaendelee. Jirani zetu Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Tena mwaka 2004 shirika hilo hilo lilitoa Pendekezo namba 195, linalotaka ujuzi wa mtu upimwe na kutambuliwa, hata kama aliupata kazini na si darasani. Maneno hayo yanamhusu fundi wetu kabisa.

Na njia ya katikati ipo. Hicho Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta tulichokitaja kilianza mwaka 1981, kwa msaada wa Japani, kama chuo cha kati cha kilimo na ufundi, ndipo mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili. Hapa kwetu tunazo shule za ufundi wa kilimo za ITAB, kama ile ya Gihanga na ile ya Karuzi. Tunacho kituo cha taifa cha teknolojia ya vyakula, CNTA, na ofisi ya viwango, BBN. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni ngazi ya kumpandisha mtu kutoka kwenye mtambo hadi kwenye cheti.

Kwa hiyo, katika kila mazungumzo ya mkataba wa pamoja na waajiri wa viwanda vya vyakula na mashamba, tunapendekeza matawi yetu yaweke mezani mambo haya matano:

Kwanza, mfanyakazi anayesoma asibadilishiwe zamu ovyo, na siku za mitihani zisikatwe kwenye mshahara.

Pili, kila kiwanda kinachopokea wanafunzi wa mazoezi kiwape pia wafanyakazi wake nafasi ya mafunzo mafupi kwa malipo ya kazi. Mwanafunzi anajifunza kwetu, nasi tujifunze kwao.

Tatu, ujuzi wa kazini upimwe na kuandikwa katika cheti kinachotambuliwa na waajiri wote, ili mtu akihama asianze tena kama kibarua.

Nne, maelezo ya dawa kali, joto na usafi yabandikwe kwenye kila mtambo kwa Kirundi na Kiswahili, pamoja na Kifaransa.

Tano, mfanyakazi asikatwe mshahara kwa mali iliyoharibika mpaka vipimo vyote vimekaguliwa na mtu mwenye ujuzi, mbele ya mwakilishi wa chama.

HUKU TUKINGOJA

Hatukukaa bure tukingoja madai hayo. Yule binti, kabla ya kumaliza mazoezi yake, alikubali kukutana nasi Jumapili mara mbili kwa mwezi, nyumbani kwa mwanachama mmoja kule Buyenzi. Tulianza watu sita, sasa tuko 14, watatu wao ni kina mama wa kufungasha. Hakuna ada. Kila mtu huja na daftari, kalamu na swali moja kutoka kazini kwake. Somo la kwanza lilikuwa kupima maji yanayochemka. Tuliazima kipimajoto kizuri, tukawasha jiko la makaa uani, tukangoja wote tumezunguka sufuria kama watoto. Kikasimama kwenye 97 na kidogo. Mzee mmoja aliyefanya kazi jikoni na viwandani tangu ujana wake alikitazama muda mrefu, akasema: "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nachemsha maji nisiyoyajua."

Fundi wetu ameanza kujiandaa kwa ule mtihani wa diploma, kwa vitabu vya kuazima. Anajua itachukua miaka. Wakati huo huo ameweka kando ya mtambo wake daftari la pili, mbali na lile la kiwanda. Humo anaandika saa, nyuzi, na jambo lolote lisilo la kawaida, kwa Kiswahili. Msimamizi alimwuliza la nini. Akamjibu: "La kukumbuka, bwana."

Tunawashauri nyote mfanye hivyo. Kila anayeshika mtambo, mizani, kikapu au jiko na awe na daftari lake. Andika tarehe, andika ulichokiona, andika ulimwambia nani. Matawi yanayotaka kuanzisha darasa kama letu yawasiliane na wawakilishi wao, nasi tutawapa masomo tuliyokwisha kuyaandika. Na mwenye mtoto anayesoma mambo haya pale Rohero, Gihanga au kwingineko, amlete siku moja akae nasi. Tutampa maswali ambayo hayamo kitabuni, naye atatupa majibu ambayo hatukufundishwa.

Chakula cha nchi hii kinapita mikononi mwetu. Ni haki yetu kujua tunachokifanya.